Mbona Yenyewe Haili?

Sesilia mwanangu,

Uko kwa bibi yako unaaga, na najua hatakuachia mpaka umalize sahani ya pili, kwa hiyo nina muda. Mvua imekatika. Mama yako amekwenda kwa jirani kuazima kufuli la tranka, baada ya kulifunga na kulifungua hilo tranka mpaka bawaba zimeanza kulia. Nimekaa kwenye meza yetu yenye mguu mfupi, ile ambayo watu hunicheka kwa ajili yake, kwamba fundi seremala gani anategemeza meza yake kwa kipande cha kandambili.

Mambo ya sweta, sabuni, baridi ya huko shuleni Njombe na nani usikae naye karibu kwenye treni, mama yako ameshayasema yote, na kesho stesheni atayarudia. Mimi siyagusi.

Ninaandika kwa sababu ya swali lako la asubuhi. Tulikuwa tunatoka bombani, wewe na ndoo kichwani, mimi na madumu kwenye baiskeli, ukaniuliza bila kunitazama, "Baba, nikifika huko nisipowaweza je?" Ukasema wasichana wa huko wametoka mijini, wamesoma shule zenye vitabu, na pengine ni heri ubaki hapa uuze vitumbua na shangazi yako, usiende kabisa. Mimi nikasukuma baiskeli. Mpaka tunafika nyumbani sikusema neno. Nikaona umekunja uso, umeshajua kwamba baba hana jibu.

Jibu ninalo. Ila unanijua. Maneno yangu yakiwa mengi yanagombania mlango, hakuna linalotoka. Hata mama yako nilimposa kwa kumtuma mjomba, na mjomba alipoulizwa anayeoa yuko wapi, mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya ghala la mpunga. Basi acha mkono useme. Mwandiko ni wa darasa la nne, usimwonyeshe mwalimu.

Nianzie mbali kidogo, utanisamehe. Watu wakituona barabarani wanauliza kama wewe ni mdogo wangu, maana nilikupata ndevu hazijajaa kidevu. Kwa hiyo ujinga wangu mwingi umeuona kwa macho yako. Ila wa zamani hukuuona.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa mbugani. Masika ikija nyumba nzima inahamia shambani, tunalala kwenye dungu juu ya miti, na shule inabaki huku Ifakara inaningoja. Mwisho ikachoka kuningoja. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege wasile mpunga. Wakitua kona hii, nakimbilia kona hii na kopo langu napiga kelele. Wakihamia kona ile, nakimbilia kule. Jioni miguu imevimba, na mpunga niliokanyaga mwenyewe ni mwingi kuliko waliokula ndege. Zamu ya bibi yako ikifika, yeye hakimbii. Alitazama kwanza ndege wanaingilia wapi, akapandisha kigoda chake juu ya kichuguu upande huo, akafunga kamba zenye makopo kutoka pale kwenda kila pembe. Ndege wakija anavuta kamba moja kwa kidole, halafu anaendelea kusuka ukili. Mimi nilidhani wanamwogopa kwa sababu ni mtu mzima. Sikuona kwamba kazi yote ameimaliza pale alipochagua pa kukaa.

Nililielewa hilo miaka mingi baadaye, karakana, tena kwa mashine. Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele huna, ndiyo maana hukumbuki. Au unakumbuka kambale tu.

Bruda Anselmi, mkubwa wetu wa karakana ya misheni, aliporudi kutoka likizo kwao Ulaya alikuja na ubao wa chesi wenye mashine ndani. Unabonyeza kete kwenye chumba, mashine inajua umekwenda wapi. Halafu inafikiri, na taa ndogo nyekundu zinawaka pembeni kuonyesha inataka kete yake ipelekwe wapi. Unaisogezea wewe, maana yenyewe haina mikono. Inakula betri kama redio.

Bruda alitufundisha mchana mmoja, saa ya chakula, kwa Kiswahili chake cha haraka. Farasi anaruka hivi, ngome inakwenda moja kwa moja, askofu anakwenda mshazari. Mzee Shomari mwenye duka la vyombo, aliyekuwa anakuja kila mchana kucheza drafti nasi, akasema mchezo huu kwao pwani unaitwa sataranji, babu yake aliujua, na huyo mnayemwita askofu ni tembo. Kasiani, fundi mwenzangu, akauliza kama ni dhambi kumla askofu. Bruda akasema si dhambi akiwa wa mti. Kengele ikalia, Bruda akaenda zake, na masomo yakaishia hapo.

Yale ambayo Bruda hakuyasema tukayajaza wenyewe kutoka kwenye drafti. Na kwenye drafti unajua, kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa mdomoni mwako unaila, utake usitake, na ukipita bila kula, kete yako inatolewa. Sisi tumekua na sheria hiyo. Haikutupitia akilini kwamba kuna mchezo duniani ambao mtu anawekewa chakula mbele yake na anaruhusiwa kukiacha.

Basi tukacheza na ile mashine miezi na miezi, tunakula kila kitu. Malkia wetu anakufa chai haijapoa. Anaona askari, anamla, nyuma ya askari kuna askofu, kwisha. Tukaipa mashine jina, Mlafi, kwa jinsi ilivyotumaliza.

Kilichotukera zaidi ni kwamba Mlafi mwenyewe mara nyingine hakula. Tunamwekea askari waziwazi, anawasha taa zake kwingine kabisa. Hapo Mzee Shomari anasimama na kanzu yake, anasema, "Imepita kula hiyo. Toeni kete yake." Tunaitoa. Mashine haina habari kama imenyang'anywa, kwa hiyo zamu inayofuata inawasha taa kwenye chumba kitupu, inamtuma vitani askari aliyeko mfukoni mwa Kasiani. Tukasema ni mbovu. Mzee Shomari akasema vitu vya Ulaya vina akili lakini havina adabu.

Mimi nilikuwa na shaka. Niliona kwamba kila mara Mlafi akipita bila kula, baada ya hatua chache ndipo sisi tunaumia. Kukaa kimya na kutazama nimezoea tangu kwenye ndege. Ila kumwendea Bruda nikamuuliza, niliona haya. Mtu mzima mwenye mtoto, nikaulize sheria ambayo kila mtu anaijua? Nikalitunza swali langu kama mtu anavyotunza ndizi kwenye sanduku, mpaka linaiva, mpaka linaoza.

Na kula ovyo huko hakukuwa kwenye chesi peke yake. Ukiniwekea kitu mbele, nachukua. Zile gambuti unazikumbuka, zilizotundikwa jikoni mama yako anapandia vitunguu. Nilizikuta mnadani, mwenyewe akasema ndizo za mwisho, nikazikwapua kabla mwingine hajazigusa. Nyumbani mama yako akazigeuza, akanitazama, akaenda nje kucheka. Zote mbili za mguu wa kushoto. Nikazivaa msimu mzima kwa ukaidi, na majirani wa mbugani wakawa wanauliza ni nani huyo ambaye nyayo zake zinataka kugeuka zirudi nyumbani. Na lile shamba la ukingoni mwa mto, nililikubali siku ileile nilipopewa, sikujiuliza kwa nini mwenyewe analiacha. Mto ukaja ukanieleza.

Sasa ofisi ya karakana ikapata kompyuta. Bruda akaweka ndani yake programu ya chesi iliyotoka kwenye diski ya rafiki yake Daktari. Daktari huyu ni Mpogoro wa Mahenge aliyesoma mbali akarudi, wa maneno machache na cheko kubwa. Wakaanza kubishana yupi mkali, Mlafi au huyu mpya. Sisi tulikuwa tunapiga randa, tunasikiliza.

Bruda alisema Mlafi anatosha. Hajui kitu kingine, ila anahesabu haraka: nikienda hapa, akienda pale, nikimla, akinila. Mtego wowote ulio karibu anauona. Daktari akasema kuona mitego ni nusu tu. Yule wa kompyuta, aliyemtengeneza amemfundisha mambo ya kikubwa: usimwache mfalme wako uwanjani, usimpeleke farasi pembeni, ngome ipe njia, askari wako washikane mikono. Kwa sababu anafikiria yote hayo, hawezi kuhesabu mbali kama Mlafi. Lakini anajua pa kukaa.

Kasiani akasema bila kuinua kichwa, "Basi mmoja ana macho, mwingine ana makalio."

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Jina likabaki hapohapo, yule wa pili akaitwa Mkaaji, kwa heshima. Wakawekeana masharti: michezo miwili, na mwenye mashine itakayofungwa atawapikia wali karakana nzima kwa mkono wake. Sisi tulifurahi, maana hakuna kati yao aliyewahi kuonekana karibu na jiko.

Mtu wa kusogeza kete wakanichagua mimi. Bruda alisema kwa sababu nimetulia. Kasiani alisema kwa sababu siwezi kumpendelea mtu, kupendelea kunataka kusema. Kazi ilikuwa hivi: Mlafi akiwasha taa, nakwenda kwenye kompyuta nabonyeza herufi na namba za chumba alichoenda. Kompyuta ikijibu, narudi kwa Mlafi namsogezea kete. Darasa la nne langu lilitosha kabisa.

Mchezo wa kwanza ulikuwa mzuri kutazama kwa Mkaaji. Kila kete yake ikakaa mahali pake kama watu kanisani. Mimi nilimpenda tangu hatua ya tano, nilimwona bibi yako na kigoda chake. Halafu farasi wa Mlafi akaruka, akatua mahali ambapo anamtishia mfalme na malkia kwa mara moja. Mkaaji hakuwa ameona. Alikuwa amekaa vizuri, amesinzia. Malkia akaenda, na mchezo ukaenda naye. Bruda akatembea karakana nzima akimuuliza kila mtu Daktari anajua kupika nini.

Kesho yake Bruda alipeleka madirisha Mang'ula na Daktari alikuwa kazini. Wakaniambia nianze tu mchezo wa pili, watakuta majibu. Nikaanza asubuhi kwa vipindi, kati ya kazi na kazi. Ilipofika saa ya chakula, Mzee Shomari na Kasiani wakavuta mabenchi, ila mchezo huu wa wakubwa hawakuthubutu kutoa kete hata mashine ikipita kula.

Safari hii Mkaaji alikuwa macho. Alimpandisha farasi wake katikati ya ubao, mahali ambapo hakuna askari anayeweza kumfukuza. Kichuguu chenyewe. Mlafi akatafuta cha kula akakosa. Na mashine ile, ikikosa cha kula, inachekesha: ngome yake inakwenda kulia, zamu inayofuata inarudi kushoto, kama mtu anayesubiri treni. Mwisho njaa ikamshinda. Malkia wake akasafiri mpaka kona ya mbali kabisa kwenda kula askari mmoja mdogo. Mkaaji hakumkimbiza. Alimsogeza malkia wake mwenyewe hatua moja tu, akasimama kwenye mlango wa ile kona. Malkia wa Mlafi akawa ndani kama mbwa aliyeingiza kichwa kwenye chungu. Halafu Mkaaji akaanza kumtembeza askari wake mmoja upande wa pili, polepole, kuelekea mwisho wa ubao ambako askari hugeuka malkia.

Askari amebakiza vyumba viwili, umeme ukakatika.

Kompyuta ikafa. Mkaaji kazimika katikati ya ushindi wake. Mlafi na betri zake anawaka tu, anahesabu. Nikasimama kati ya ofisi na meza sijui nifanye nini. Mzee Shomari akasema mchezo hauwezi kulala, mwenye zamu acheze. Nikasema wa kumjibu Mlafi amekufa. Kasiani akanivuta kwa aproni, akanikalisha, akasema, "Wewe umemtazama tangu asubuhi, Baba Sesi. Rithi."

Ndipo nikakaa upande wa Mkaaji, mimi ambaye sijawahi kumshinda Mlafi hata siku moja, na mafundi wote wameacha sahani zao wamekuja kusimama mgongoni kwangu. Unajua ninavyojisikia watu wakinitazama mgongoni.

Zamu ilikuwa ya Mlafi. Akafikiri, taa zikawaka. Farasi wake akaja kutua mbele ya malkia wetu, peke yake, hana mlinzi, mnono kabisa. Karakana ikaguna. Mzee Shomari akasema, "Haya, chakula hicho, kula." Kasiani naye akasema kula. Na mkono wangu ulikuwa umeshamshika malkia, maana si suala la kutaka, ni sheria.

Wewe ulikuwa umefika. Mama yako alikutuma na wali na kambale kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, umewasalimia wazee shikamoo zao, umesimama ubavuni kwangu unangoja nipokee. Ukauliza, "Baba, kwani lazima umle?"

Watu wakacheka. Mzee Shomari akakuelekeza kwa upole, "Mjukuu wangu, ndivyo mchezo ulivyo. Ukiwekewa, unakula. Kila mtu anajua."

Ukaitazama mashine. Ukaona askari wetu mmoja aliyekuwa amekaa uso kwa uso na ngome ya Mlafi, mdomoni mwake, tangu asubuhi, mzima, hajaguswa. Ukamnyooshea kidole.

"Mbona yenyewe haili?"

Mzee Shomari aliinama kuitazama mashine. Kasiani alitazama mfuko wake wa suruali, ule aliokuwa akiwafungia askari wa Mlafi miezi yote. Nami nikaona swali langu, lile nililoliacha likaoza kwenye sanduku, limetoka kinywani mwako likiwa zima, bila haya, na bakuli la kambale mkononi.

Nikamwachia malkia. Nikatazama tena kama vile sijawahi kuuona ule ubao. Malkia wetu alikuwa mlinzi wa mlango. Akitoka kwenda kumla farasi, mlango unabaki wazi, malkia wa Mlafi anatoka kwenye kona yake na mfalme wetu anafungwa humohumo ndani. Farasi hakuwa chakula. Alikuwa chambo.

Nikamsogeza askari wetu chumba kimoja.

Mzee Shomari akanong'ona, "Amepita kula." Lakini hakusema nitoe kete. Mlafi akafikiri muda mrefu kuliko tulivyowahi kumwona akifikiri. Akasogeza ngome kulia. Nikasogeza askari tena, akafika mwisho, akageuka malkia wa pili, kama kingi ya drafti, na watu wakapiga kelele kama mpira wa Simba na Yanga. Baada ya hapo hata ningecheza kwa mguu ningemfunga. Mlafi akatoa mlio wake wa kukubali, ule ambao hatukuujua, tulidhani betri zinakwisha.

Bruda aliporudi jioni nilimweleza yote palepale, kwamba umeme ulikatika, kwamba Mkaaji hakumaliza mwenyewe. Akauliza nani alimaliza. Nikasema mimi na mwanangu. Halafu, kwa kuwa siku hiyo mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, nikamuuliza na lile swali. Bruda akanitazama. Akamtazama Kasiani. Akasema, "Miezi yote hii mmekuwa mkila kila kitu kwa sababu mlidhani ni lazima? Mimi nilidhani ninyi ni watu jasiri sana."

Kila mashine imefungwa mchezo mmoja, basi wote wawili wakapika. Bruda aliunguza, ukoko ulikuwa nusu ya sufuria. Wa Daktari ulikuwa uji. Tukauchanganya. Mzee Shomari alikula sahani mbili, akasema kula huku ndiko kwa lazima, na wewe ukapewa ukoko mkubwa kuliko uso wako. Mkaaji hakula kitu, lakini umeme uliporudi Kasiani alimwekea soda mbele ya kioo.

Jambo moja la usiku ule wa wali sijalisahau. Daktari alisema mimi sikushinda kwa akili yangu, na nisikasirike. Sikukasirika, ni kweli. Alisema Mkaaji alikuwa amekaa vizuri kiasi kwamba hata alipozimika, mahali alipokaa paliendelea kumpigania. Akasema pia mashine zinazotengenezwa sasa zinaona mbali sana, na mwenye kuona mbali vya kutosha hujikuta amekaa vizuri bila kufundishwa. Kasiani akasema basi mwisho wa safari macho na makalio ni ndugu.

Hilo ndilo ninalokutakia. Wewe una macho ya Mlafi, tangu mdogo. Unajibu swali kabla mwalimu hajalimaliza, na kwenye ubao wetu wa chesi hapa nyumbani nikiacha kitu hovyo nimekwisha. Kuona siwezi kukufundisha. Ila nakuona pia unapokosa cha kukimbilia, unavyohangaika, ngome kulia, ngome kushoto. Mimi nilikimbiza ndege miaka mingi, kwa hiyo naijua hiyo hali. Siku ikikupata huko, usiione aibu kukaa tu kwanza na kutazama ndege wanaingilia wapi.

Na kichwa kitakukatikia umeme. Utakuwa mbele ya mtihani, au mbele ya hao wasichana wa mjini wanaokungoja useme, kioo kitakuwa cheusi. Changu hukatika kila watu wakinitazama. Hapo kumbuka kwamba Mkaaji alishinda mchezo akiwa amezimika.

Sasa nikujibu. Nisipowaweza je. Wapo ambao hutawaweza, mwanangu. Mimi Mlafi sijamfunga tena tangu siku ile, na nimejaribu, mpaka Bruda analalamikia betri. Naamka, naoga, nakwenda kazini, wali una ladha ileile. Lakini mezani siku ile tulikuwepo watu wazima, wengine tumecheza drafti tangu hatujaota meno, tuliofungwa kwa sheria ambayo hakuna aliyetufunga nayo. Aliyeuliza ni wewe. Hukujua hata farasi anaendaje. Kwa hiyo unaponiuliza kama utawaweza wenzio, mimi nawaza mwalimu wako huko, masikini, siku utakayomnyooshea kidole kitu ambacho amekipita miaka yote.

Ubao wetu nimeuweka ndani ya tranka, chini kabisa, umefungwa kwenye khanga ya bibi yako, mama yako asiuone akautoa kuweka sabuni. Kete nilichonga upya zilizokuwa zimevunjika. Askofu mweusi mbao ilipasuka, mahali pake nimeweka kizibo cha soda. Ukicheza na mtu mwambie hicho ni askofu wa Ifakara, ana nguvu zilezile.

Na kesho. Treni huwa haisimami sana hapa kwetu, na watu ni wengi. Nitaruka ndani kabla haijatulia, na tranka lako, nikushikie nafasi ya dirishani, upande wa mbugani, uone mpunga wetu mpaka Mlimba. Hiyo nafasi nitaikalia mimi mpaka uje. Mama yako atalia, shangazi yako atasema vitumbua vipo, na hakuna atakayekusukuma. Nimemwambia kila mtu. Kupanda nako si lazima, Sesi. Umewekewa, utazame mwenyewe.

Ila amua kabla filimbi haijalia. Ukichelewa, mimi nitafika stesheni ya Mngeta peke yangu, nimekumbatia tranka lenye sketi za shule, nimekalia nafasi nzuri kuliko zote kwenye behewa, na kwa haya zangu hizi sitaweza kumweleza mtu yeyote kwa nini.

Nasikia kicheko chako barabarani, unakuja. Naikunja.

Baba yako anayekutazama